Thamani ya Kilichotupwa

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba kila kitu kwa hikima wala hakuumba chochote kwa mchezo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Masahaba zake wote. 

Mzazi mmoja ametuletea swali, nasi twaona lafaa kujibiwa mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa si nyumba yake peke yake yenye jambo hili. Anasema kwamba anaye kijana wa kiume aliyekwisha kumaliza shule, mwenye adabu na mwenye kuswali. Lakini kijana huyo hushinda jaani na kwenye gereji akiokota vizibo vya chupa, vipande vya bati, nyaya, na malapa yaliyokatika. Kisha hukaa uani akivitoboa na kuviunga pamoja, mpaka vikawa kama pazia kubwa la kutundika ukutani. Mama yake hupendezwa, majirani hucheka, na baba mwenyewe amekaribia kuvitupa vyote kunako jaa vilikotoka, khasa alipoona kwamba vizibo vingi ni vya pombe. Basi anauliza mambo mawili: Je, hii ni kazi, au ni upuuzi wa kupotezea wakati? Na je, sheria yasemaje?

Swali hili si dogo. Ndani yake mna kijana ambaye moyo wake umeelekea jambo fulani, na mzazi ambaye kwa neno moja aweza kulijenga jambo hilo au kulivunja. Kwa hiyo hatutaki kujibu kwa haraka. Kwanza tutaieleza kazi yenyewe, maana kumhukumu mtu kabla ya kuijua kazi yake ni dhulma. Kisha tutaipima kwa mizani ya dini. Na mwisho tutasema na wazazi, na vijana pia.

KAZI YENYEWE NI IPI?

Zamani mtu akitajwa kuwa ni mchoraji, ilifahamika kwamba yeye ni mtu wa rangi, burashi na kitambaa. Na akitajwa kuwa ni mchongaji, ilifahamika kwamba ni mtu wa patasi na gogo la mpingo. Siku hizi mipaka hiyo imeondolewa. Msanii huweza kuchanganya katika kazi moja bati na kitambaa, kioo na mbao, karatasi na mchanga, na khasa vitu ambavyo watu wamekwisha kuvitumia na kuvitupa. Jambo hili limeenea ulimwenguni, na baadhi ya walio mashuhuri kabisa katika kazi hii ni Waafrika wenzetu.

Tumtaje kwanza El Anatsui. Huyu alizaliwa mwaka 1944 huko Anyako, katika nchi iitwayo leo Ghana, na tangu mwaka 1975 akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nigeria kilichoko Nsukka. Hapo mwanzo alikuwa akichukua sinia za mbao za wachuuzi wa sokoni na kuzitia nakshi kwa chuma cha moto. Mwaka 1998 aliokota, karibu na Nsukka, mfuko uliojaa vizibo vya aluminiamu vya chupa za pombe. Akaenda navyo, akakaa navyo muda akivitafakari. Kisha akaanza kuvibonda, kuvikunja na kuvitoboa, na kuviunga kimoja kimoja kwa waya mwembamba wa shaba, yeye pamoja na wasaidizi wake, mpaka vikawa kama nguo kubwa za madini, nyekundu na za rangi ya dhahabu, zenye mikunjo kama joho la sultani. Mtu akisimama mbali hudhani ni hariri. Akikaribia huona ni takataka za kilabuni. Mwaka 2015 alipewa mjini Venice, Italia, tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa ajili ya kazi ya maisha yake yote. Na kuanzia Oktoba 2023 hata Aprili 2024 kazi yake ilitundikwa katika ukumbi mkubwa wa jumba la sanaa la Tate Modern, London.

Wala kizibo hicho hakina uzuri tu, bali kina khabari. Anatsui ameeleza kwamba pombe ni miongoni mwa bidhaa ambazo Wazungu walizileta Afrika ya Magharibi, nazo zikaingia katika biashara ile iliyowachukua watu utumwani. Basi atazamaye nguo ile ya vizibo anatazama pia mali iliyowaangamiza babu zetu, nayo sasa imefungwa kwa waya, haina tena uwezo wa kumlevya mtu.

Wa pili ni Ibrahim Mahama, aliyezaliwa mwaka 1987 huko Tamale, kaskazini ya Ghana. Huyu hutumia magunia. Magunia hayo hutengenezwa kwa juti huko Asia, huletwa Ghana kuchukulia kakao, kisha hutumika kwa mchele na mtama, na mwisho wake huishia kwa wauza makaa. Yeye huwapa watu magunia mapya na kuchukua yale makuukuu, yenye viraka, yenye weusi wa makaa, na yenye majina ya watu waliokuwa wakiyamiliki. Kisha watu wengi huyashona pamoja, hata yakatosha kufunika jengo zima. Mwaka 2015 aliyaonyesha mjini Venice, na mwaka 2017 mjini Kassel, Ujerumani. Wale walao chokoleti huko Ulaya wakaliona kwa macho yao gunia lililowabebea kakao, ambalo katika maisha yao hawakupata kulifikiri.

Wa tatu ni Lubaina Himid, mzaliwa wa Unguja. Alizaliwa mwaka 1954, akachukuliwa Uingereza angali mchanga baada ya kufiwa na baba yake. Mwaka 2007, ilipotimia miaka 200 tangu Waingereza walipoipiga marufuku biashara ya watumwa, alikusanya sahani, mabakuli na majagi ya zamani yapatayo 100, akayapaka picha za matajiri wa Kiingereza na za watumwa wao, na kazi hiyo akaionyesha Lancaster, mji uliokuwa mmoja katika bandari kubwa za biashara hiyo. Vyombo vile vya karamu vikawa mashahidi juu ya wenye kula. Ametumia pia namna ya kanga zetu, pamoja na misemo yake. Mwaka 2017 alipata tuzo ya Turner, ambayo ni katika tuzo kubwa za sanaa huko Uingereza.

Na wa nne ni bibi wa Kiirani, Monir Farmanfarmaian, aliyefariki mwaka 2019 akiwa amepindukia miaka 90. Yeye alichukua ufundi wa zamani wa Iran wa kukata vioo vipande vidogo vidogo na kuvipanga ukutani kwa hesabu za pembe tatu, pembe sita na pembe nane, kama tuonavyo nakshi katika misikiti. Katika kazi hizo za vioo hamna mtu wala mnyama: mna kioo, chokaa na hesabu tu. Mwaka 2015 ilionyeshwa New York, na mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Teheran kilifungua jumba la makumbusho kwa ajili ya kazi zake.

SISI NA JAMBO HILI

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya mbali, sisi watu wa pwani yanatuhusu nini?" Na atembelee basi magofu ya Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam. Ataona makaburi ya wazee wetu Waislamu yenye nguzo za mawe na chokaa, ambamo zilitiwa sahani na mabakuli ya kaure kutoka Uchina. Fundi aliyejenga pale alichukua chombo cha kulia chakula, kilichovuka bahari nzima, akakitia katika jiwe la matumbawe lililotoka baharini kwake. Hiyo ndiyo kuchanganya vitu visivyokuwa vya jamii moja, wala hakungoja afundishwe na mtu wa Ulaya.

Katika zama zilizo karibu nasi, Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka kusini ya Tanzania, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na kitambaa cha wachoraji wala rangi zao za ghali. Alichukua mbao nyembamba za kujengea dari, na rangi ya kupakia baiskeli. Alifariki mwaka 1972, miaka minne tu baadaye, lakini namna yake ya kuchora ingali ikifuatwa na mafundi wengi, na inajulikana duniani kote kwa jina lake.

Na huko Lamu, mwezi wa Septemba 2018, kilishushwa majini chombo cha matanga kiitwacho Flipflopi, chenye urefu wa mita 9. Hakikujengwa kwa mti wala kwa ubao. Kilijengwa kwa takataka za plastiki kiasi cha tani 10, na ubavuni kilivishwa malapa yapatayo 30,000 yenye rangi za kila namna, yaliyookotwa fukweni na mitaani. Aliyeongoza ujenzi ni fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake, kwa ufundi ule ule waliorithi. Mwaka 2019 kilisafiri kutoka Lamu hata Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikitia nanga bandari kwa bandari ili kuwaonya watu juu ya taka zinazotupwa baharini. Wako wasemao kwamba hicho ni chombo, si sanaa. Sisi hatugombani juu ya jina. Twasema kwamba fundi aliyetazama rundo la malapa akaona jahazi ni mtu wa kuheshimiwa.

Tena, ndugu zetu, sisi wenye vyuo vya Kurani ndio wa mwisho wanaostahili kukidharau kitu kwa sababu ya unyonge wake. Kurani Tukufu ilipoteremka iliandikwa juu ya nini? Iliandikwa juu ya makuti ya mtende yaliyoparuzwa, juu ya mawe membamba meupe, juu ya vipande vya ngozi na mifupa ya mabega ya wanyama. Na Zayd bin Thabit (R.A.) alipoamrishwa na Sayyidna Abubakar (R.A.) kuikusanya, aliikusanya kutoka katika vitu hivyo, na kutoka vifuani mwa watu. Msikiti wa Mtume (S.A.W.) huko Madina ulikuwa na kuta za matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mtende na paa la makuti. Nasi vyuoni tulifundishwa kwa ubao wa mti na wino wa masizi, masizi ambayo mwenye nyumba huyafuta chunguni na kuyamwaga. Kitu kinyonge hubeba neno tukufu, na unyonge wake haulipunguzii neno hilo chochote.

MIZANI YA DINI

Sasa tuje kwenye hukumu. Twaona kwamba kazi ya namna hii yapimwa kwa maswali matatu: imetengenezwa kwa nini, inaonyesha nini, na inakusudiwa nini.

Ama swali la kwanza, lile la kitu chenyewe, tunayo hadithi katika Bukhari na Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita penye kondoo aliyekufa, ambaye alikuwa sadaka aliyopewa mjakazi wa Bibi Maymuna (R.A.). Akawauliza kwa nini hawakuitumia ngozi yake. Wakamwambia kwamba ni mzoga. Akawaeleza kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Tazama, ewe msomaji: kitu walichokwisha kukitupa, Mtume aliona ndani yake manufaa, akawafundisha kuyatafuta. Na wanazuoni wetu wa Kishafii wakaeleza kwamba ngozi ya mzoga hutoharika kwa kudibaghiwa, isipokuwa ngozi ya mbwa na ya nguruwe.

Ama kizibo cha pombe, iko hadithi nyingine iliyo karibu zaidi. Ulipokuja ujumbe wa kabila la Abdul-Qays, Mtume (S.A.W.) aliwakataza kutengenezea vinywaji katika vyombo walivyozoea kuvundikia tembo: vibuyu, mitungi ya kijani, mashina ya mtende yaliyochimbwa, na vyombo vilivyopakwa lami. Baadaye, nyoyo zilipokwisha kuzoea kujiepusha na ulevi, aliwaruhusu kuvitumia vyombo hivyo, na akawafahamisha kwamba chombo hakiharamishi kitu wala hakikihalalishi. Lililoharamishwa ni kila chenye kulevya. Basi bati la kizibo ni bati. Uharamu ulikuwa katika kile kilichofunikwa nalo. Na kwa kuwa katika madhehebu yetu pombe ni najisi, sharti kizibo kioshwe vizuri kwa maji kabla ya kuguswa guswa na kuletwa nyumbani wanaposwalia watu.

Lakini tunayo masharti mawili juu ya jambo hili. La kwanza, haijuzu kununua pombe ili kupata kizibo, wala kijana asifanye urafiki na kilabu kwa kisingizio cha kuokota. Kilichokwisha kufika jaani kinatosha. La pili, jina la pombe likibaki linasomeka juu ya kizibo, na kizibo kikatundikwa sebuleni, huwa ni tangazo la bure la jambo tulilokatazwa. Hilo ni jepesi kuliepuka: kigeuzwe ndani nje, au kikwanguliwe rangi, au kikunjwe mpaka herufi zipotee.

Swali la pili ni la sura. Hapa twapenda kusema wazi. Katika madhehebu yetu sanamu kamili yenye kivuli, ya kiumbe mwenye roho, ni haramu kuitengeneza. Huko Nairobi iko karakhana iitwayo Ocean Sole, ambayo hukusanya malapa yaliyotupwa na kuyachonga tembo, twiga na simba. Nia yao ya kusafisha fukwe ni njema na twaisifu, lakini kijana wa Kiislamu asiifuate kazi yao katika zile sanamu. Ama picha bapa zisizo na kivuli, wanazuoni wamekhitilafiana: wako waliozikataza zote, na wako waliolegeza. Mwenye kutaka kuihifadhi dini yake hujitenga na lenye shaka.

Wala asidhani mtu kwamba mlango huo ukifungwa hana pa kupita. Alikuja mtu kwa Ibn Abbas (R.A.), akamwambia kwamba chakula chake chatokana na kazi ya kutengeneza picha. Ibn Abbas alimtajia onyo la Mtume, na alipomwona amefadhaika, akamwelekeza kwenye miti na kila kisicho na roho. Hakumwambia aache kazi ya mikono yake. Bibi Aisha (R.A.) naye alitundika pazia lenye picha, Mtume (S.A.W.) akachukizwa nalo, Bibi Aisha akalikata, akalifanya mito ya kuegemea. Hakulitupa. Lile kosa liliondoka, na kitambaa kikabaki na faida yake. Yeyote atakaye kujua jinsi sheria inavyoongoza mikono bila ya kuikata, na alifikiri pazia hilo. Nazo nguo za vizibo za Anatsui, magunia ya Mahama na kazi hizo za vioo za Bibi Monir hazina sura ya kiumbe, na bado zimewashangaza watu wa mataifa yote.

Swali la tatu ni la makusudio. Ndugu zetu, si kila kinachoitwa sanaa kinastahili jina hilo, na katika uwanja huu wa vitu vya ajabu uchafu umechanganyika na safi. Mwaka 2007 msanii wa Kiingereza, Damien Hirst, alitoa kazi ya fuvu la kichwa cha mtu lililotengenezwa kwa madini ya platinamu, likapambwa kwa almasi 8,601, na meno yaliyotiwa ndani yake ni meno ya kweli ya maiti. Sisi twaona hiyo ni israfu juu ya kumvunjia heshima mwanadamu. Mwaka 2019 Mwitalia Maurizio Cattelan aligandisha ndizi ukutani kwa utepe. Na mwezi wa Novemba 2024 kazi hiyo iliuzwa mnadani, New York, kwa dola milioni 6.2, naye aliyeinunua akaila ndizi hiyo mbele ya watu wa magazeti. Wenyewe husema ni mzaha juu ya matajiri. Sisi twasema kwamba chakula ni neema, na Mwenyezi Mungu ametuambia katika Suratul Israa kwamba wabadhirifu ni ndugu wa mashetani. Tofauti ni kubwa mno kati ya anayechukua kitu kisichokuwa na thamani akakipa thamani kwa jasho lake, na anayechukua neema akaifanya upuuzi. Vyote viwili vimo chini ya dari moja katika majumba ya maonyesho, na macho ya Muislamu yatakiwa yavipambanue.

KWA WAZAZI

Sasa twarudi kwa mzee wetu aliyeuliza. Jibu letu ni kwamba usivitupe. Keti na mwanao, umwambie akuonyeshe alivyoanza na anapotaka kufika. Hesabu ni vizibo vingapi amevitoboa, na jinsi alivyovipanga kwa rangi. Mke wako ama dada yako akishona kofia ya viua hukaa nayo wiki nyingi, tundu kwa tundu, na hakuna amwambiaye kwamba anapoteza wakati, kwa sababu kofia twaijua. Kazi ya mwanao ni subira ile ile, ila sisi hatujaizoea. Na katika zama hizi ambapo vijana wetu wengi hawawezi kukaa na jambo moja kwa muda wa saa moja bila ya kuitazama simu, kijana awezaye kuunga vizibo kwa mwezi mzima anayo tabia ambayo walimu tunaitafuta kwa taa.

Twajua hofu ya mzazi ni riziki, na hofu hiyo ni ya haki. Hatutakudanganya kwamba kila aunganishaye bati atakuwa Anatsui. Walio wengi hawatajulikana. Kwa hiyo mhimize ajifunze pia ufundi wenye soko, kama vile uchomeleaji, useremala, ushonaji au umeme. Ufundi huo utamlisha, na tena utaistawisha kazi yake hiyo nyingine, kwa maana hakuna ufundi wa mkono usiomfaa mwenye kuchanganya vitu. Tena mwelekeze kwenye yenye kufaa nyumba na watu: taa, vikapu, pazia, vifaa vya kufundishia watoto, mapambo ya pembe na nyota kwa ajili ya ukumbi wa madrasa.

Ama dhihaka ya majirani, isikuumize. Neno la "takataka" likishatamkwa juu ya kazi ya kijana mara nyingi, hufika siku akalisikia kana kwamba limetamkwa juu yake mwenyewe. Wako vijana wengi mitaani mwetu waliotamkiwa neno hilo na watu wa nyumbani mwao, wakaliamini, wakenda wakajitupa kweli. Sisi twaona ni afadhali uani pajae mabati.

KWA VIJANA

Nanyi wanetu, mnaopenda kazi hii, shikeni haya.

Okota, usiibe. Waya wa shaba uliokatwa katika nguzo ya umeme, au mfuniko uliong'olewa barabarani, ni mali ya watu wote, na kazi iliyojengwa juu yake haina baraka hata ikipendeza vipi. Kitu kilichoko kwenye ua wa mtu si kilichotupwa mpaka mwenyewe aseme.

Msijidhuru wala msiwadhuru wengine, kwani hiyo ni kanuni katika sheria yetu. Msichome nyaya ili kupata shaba, wala msichome plastiki, maana moshi wake ni sumu kwa mapafu yenu na ya watoto wa jirani. Msipasue betri za magari. Ndani yake mna tindikali na risasi. Vaeni glavu mnapokata bati.

Tazameni karatasi mnazozitumia. Katika magazeti, kalenda na mifuko ya zamani hupatikana majina ya Mwenyezi Mungu na aya za Kurani. Kabla ya kukata na kugandisha, soma. Ukiona jina tukufu, litenge ulihifadhi kwa heshima. Lisiwe chini ya gundi, wala lisikanyagwe.

Sala ikiingia, weka koleo chini. Kazi ya mikono ina tabia ya kumsahaulisha mtu saa, nayo sala haisahauliwi. Na siku moja ukisifiwa, kumbuka kwamba wewe hukuumba bati wala shaba wala rangi. Umepanga tu vilivyoumbwa. Mwenye kuumba ni Mmoja.

Imepokewa na Bibi Aisha (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.), naye ndiye mbora wa viumbe, alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake mwenyewe. Alichokuwa nacho hakukitupa upesi, na watu waliotupwa na Makureshi akawaweka karibu naye. Twamwomba Mwenyezi Mungu aibariki mikono ya vijana wetu, awaongoze katika halali, na awape wazazi macho ya kuona kheri iliyofichika katika watoto wao. Amin.

Wallahu aalam. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.